Mpiga Chapa wa Mbotela na Mashine Iliyosahau

Hakuna mtu wa mtaa wetu wa Mbotela aliyewahi kumkuta mpiga chapa wetu akifanya kazi. Kumsikia, tulimsikia sana. Toka asubuhi vidole vyake vilinyesha kwenye taipu kama mvua juu ya mabati, nami niliyekuwa na kiduka cha sukari na sabuni kwenye dirisha la nyumba ya pili nilijua kwa sauti tu kama anapiga barua ya madai au kadi ya harusi. Barua ya madai ilikuwa na vituo vingi. Kadi ya harusi ilikwenda moja kwa moja, kama maharusi wenyewe walivyokwenda.

Lakini ukipiga hodi, mvua ilikatika papo hapo. Ukiinua pazia ulimkuta amesimama katikati ya chumba, leso imekaa sawa kichwani, mikono mitupu, taipu imefunikwa kitambaa cha kufuma, na uso unaokwambia kwamba tangu alfajiri hakuwa na alichongoja duniani ila wewe.

"Karibu, karibu, karibu." Mara tatu, hata kwa mtu aliyekuja kuazima kibiriti.

Alikuwa mwanamke wa pwani kwa maneno yake na kwa wali wake. Mengine sikumuuliza, na mtu wa kumuuliza mpiga chapa wetu asilotaka kuulizwa alikuwa bado hajahamia Mbotela. Alipiga chapa kortini Makadara mpaka akastaafu, kisha akaja na taipu yake nyumbani, na mtaa mzima ukaanza kuandikiana barua rasmi. Majirani waliogombana kuhusu kamba ya kuanikia nguo hawakutukanana tena. Walipelekeana nakala.

Kuhusu kazi na watu alikuwa na msemo wake: "Kazi haina macho. Mtu ana macho." Maana yake, kazi ukiiacha haitakuona vibaya, lakini mtu ukimwacha amesimama mlangoni amekwisha kukuona, na atakuonyesha kwa wengine.

Msidhani alikuwa laini. Kwenye karatasi alikuwa simba. Ulimletea barua ya kumtishia mkwe wako, ukaketi ukanywa chai, ukapewa kaimati, na ulipoondoka ulikuwa na barua ya kumwomba mkwe wako msamaha, imepigwa vizuri, nawe umekwisha kutia sahihi. Mimi mwenyewe nilimpelekea tangazo la duka langu lenye maneno "bei nafuu kuliko wote." Likarudi limeandikwa "bei ya kawaida." Nikauliza. Akasema, "Nimenunua sabuni kwako, Baba Zuhura. Siwezi kupiga chapa nisichokijua."

Na mtu huyu aliyekaribisha watu kama kwamba ndiyo nguzo ya sita ya dini, hakukubali kabisa kukaribishwa. Harusini Makongeni alikula, akashukuru, akaondoka jua lingali juu. Hakulala kwa mtu. "Kukaribisha najua," alisema. "Kukaribishwa kunanipa homa. Mtu anakuuliza umelala vipi, nawe umelala vibaya, sasa useme nini?"

Nayaeleza haya ili ieleweke kwamba mpwa wake alipomletea kompyuta alimletea na kitanzi.

Mpwa huyo alifanya kazi mjini, kwenye ofisi iliyokuwa ikibadilisha mashine zake za zamani. Ilikuwa miaka ya themanini inaelekea ukingoni, na kompyuta kwetu ilikuwa kitu cha kuonekana kwenye kalenda. Akaishusha kwenye gari mbele ya mtaa mzima: kioo kama televisheni, sanduku zito kama jiwe la kusagia, na printa. Ndani ya sanduku, akasema, mna diski ngumu inayoweka kazi yote. Huandiki upya. Ukikosea unarekebisha, ukimaliza unahifadhi, kesho unaikuta.

Kesho yake hakuikuta.

Kwa muda ule hedimasta mmoja wa sekondari ya jirani alikuwa amempa kazi ya karatasi zote za mtihani wa majaribio. Walimu wake walikuwa wakibadilisha maswali kila siku, ndiyo maana ikatakiwa mashine isiyochoka kusahihishwa, na ndiyo maana hakuna kilichochapwa kabla ya wote kutulia. Mpiga chapa akapiga Jiografia, Jiografia ikapotea. Akapiga tena, ikakaa siku mbili, kisha ikaondoka na Historia. Mashine ilipowashwa ilisema kwa herufi kubwa kwamba haioni kitu.

Mpwa akaleta fundi, kijana wa mjini mwenye tai na bisibisi mfukoni mwa shati. Akakaribishwa mara tatu, akanyweshwa chai, akawasha mashine, akaiangalia.

"Mama, hii mashine iko fiti kabisa."

"Na kazi yangu?"

"Kazi iko ndani. Imelala tu pale. Kuna ile orodha inayoambia mashine kila kitu kiko wapi. Hiyo ndiyo imeharibika."

Nilikuwepo, na hilo nililielewa. Ni kama mtu aamke afute namba za nyumba zote za Mbotela. Watu wamo, ugali unapikwa, lakini tarishi atazunguka na barua mpaka atoe machozi, maana nyumba zetu zilifanana kama mayai.

"Unaizima vipi?" fundi akauliza.

"Jioni, mwanangu. Natoka kwenye kazi, nangoja ile taa nyekundu itulie, nazima. Kama nilivyofunzwa."

"Hapo katikati ya siku?"

"Katikati ya siku niizimie nini? Si nafanya kazi?"

Fundi akaikuna tai yake. Akaisafisha diski, akaiandikia orodha mpya, akaenda. Orodha mpya nayo ikaharibika.

Basi mtaa ukaingia. Mtaa wetu haukuwa na daktari wala mwanasheria, lakini ulikuwa na wataalamu. Wa kwanza alikuwa jirani wa reli, mzee aliyefanya kazi kwenye karakana za treni, akikaa Makongeni, mtaa wa pili, na akija kumwamkia mpiga chapa kila siku baada ya chakula cha mchana.

"Hii kitu ni treni," alisema. "Ile ya mizigo ikipita, ardhi inatetemeka, data inaanguka."

"Inaanguka wapi?" nikamuuliza.

"Chini. Wewe ulifikiria inaanguka juu?"

Mashine ikalazwa juu ya gunia lililokunjwa na vipande vya tairi. Ikaendelea kusahau, ila sasa kwa starehe.

Mtaalamu wa pili nilikuwa mimi. Nilimaliza kidato cha nne, na fizikia nilipita kwa chupuchupu tu, lakini nililikumbuka somo la sumaku. Juu ya lile sanduku palikuwa na redio, na redio ina spika, na spika ina sumaku. Nikaeleza hayo nimesimama, mkono mmoja mgongoni kama mwalimu. Redio ikahamishiwa jikoni. Jiografia ikapotea siku ileile, na juu ya hayo mpiga chapa akakosa taarifa ya habari.

Kisha mvua ikanyesha. Mitaro ya Mbotela ikafurika, mtu hakutoka nje ila kwa jambo la kufa, na siku zote hizo mashine haikusahau hata nukta. Kila alichohifadhi alikikuta. Kwa wataalamu jibu likawa wazi kabisa: mashine inapenda unyevu. Mvua ilipokatika tukaweka karai la maji chini ya meza, na kitambaa kibichi juu ya sanduku. Fundi aliporudi akaliona lile karai, akaweka mkoba wake chini polepole kama aliyefika matangani.

"Nani aliambia mama aweke hii maji?"

Jirani wa reli akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari.

Jua likatoka, mitaro ikakauka, na mashine ikasahau mitihani yote. Mpwa akaleta neno: Ijumaa anakuja na gari. Karatasi za shule zikiwa tayari, sawa. Zisipokuwa tayari, anaichukua mashine, na anamchukua na yeye, akakae kwao Buruburu apumzike. Taipu ya zamani ilikuwa imekwisha kuuzwa, hedimasta alikuwa ameshasema huu ndio mwisho wake wa kungoja, na kodi ya nyumba haikaribishwi kwa kaimati.

"Chumba changu kiko tayari," aliniambia. "Wamekipaka rangi ya waridi." Alilitamka kama anayeelezea kaburi.

Mke wangu ndiye aliyekuja na dawa ya mwisho: watoto. Kuna mkono wa mtoto unaogusa mashine, akasema, na anayetakiwa ni mtu mzima wa kukaa pale siku nzima bila kufanya chochote. Akanigeukia. Mimi ni mtu wa nyumbani. Mke wangu alizoea kuniita kabati, eti nikisogezwa naacha alama sakafuni.

"Kumbe kila kipaji kina siku yake," akasema. "Nenda."

Nikaenda Alhamisi asubuhi, nikaketi pembeni mwa mlango. Mwanzoni alinitesa kwa heshima. Kila akianza kupiga alikumbuka nipo, akainuka, chai, mahamri, mamangu hajambo, Zuhura kikohozi kimepoa. Nikamwambia, "Mama, nihesabu kama kiti." Akacheka. Kufika saa nne alikuwa amenisahau kweli, na hapo nikaona kile ambacho Mbotela haikupata kukiona: mpiga chapa kazini. Miwani imeshuka mpaka ncha ya pua. Midomo inasoma. Mguu mtupu unapiga sakafu pale mstari unapokwisha. Kila baada ya ukurasa alibonyeza, taa nyekundu ikawaka, sanduku likanguruma kidogo, na yeye akalingoja kwa heshima, akiona limetulia anaendelea.

"Hodi!"

Alikuwa jirani aliyekuja kurudisha sahani. Taa nyekundu ilikuwa inawaka. Mkono wa mpiga chapa ukaruka ubavuni mwa sanduku, klak!, kioo kikafa, kitambaa kikashuka, leso ikakaa, na kabla pazia halijainuliwa alikuwa amesimama katikati ya chumba.

"Karibu, karibu, karibu."

Niliipenda ile. Lazima niseme. Nilikaa pale nikiistaajabia adabu yake kama mjinga anayesifu mwanga wa nyumba yake inayoungua. Mgeni akaondoka, akawasha mashine, ikanguruma, ikaandika malalamiko yake, na nusu ya Kemia ikawa haipo.

"Umeona?" akaniambia. "Na hakuna mtoto aliyegusa."

"Hakuna," nikasema.

Akili yangu ni ya kiduka: hufunguka polepole. Ilihitaji jirani wa reli aje baada ya chakula cha mchana, hodi, klak!, karibu mara tatu, aketi aulize treni ya leo imeathiri vipi, ndipo nikauona mchezo wote. Mvua haikuiponya mashine. Mvua ilizuia wageni. Na fundi mwenye tai asingeweza kuuona ugonjwa hata akija mwaka mzima, kwa sababu naye alipiga hodi, naye alizimiwa, naye alimkuta mama mwenye mikono mitupu. Wala mpiga chapa hakumdanganya fundi. Kuzima mashine ni kule kwa jioni. Hii nyingine, kwake, haikuwa kuzima mashine. Ilikuwa kupokea mtu.

Jioni nikamweleza mke wangu. Akaacha kukatakata sukuma wiki.

"Sasa utamwambia mtu mzima kwamba adabu yake ndiyo ugonjwa?"

"Nitatafuta njia."

"Wewe? Njia ya kwenda sokoni tu nakuchorea."

Ijumaa nikaketi tena. Alikuwa amepiga upya usiku kucha na macho yalikuwa mekundu. Ilibaki karatasi moja. Nikaanza kwa mbali. "Mama, hivi mgeni akija, na mtu ana jambo..."

"Mgeni ni baraka, Baba Zuhura," akanikata, vidole vikiendelea.

Nikajaribu tena, nikazungukia kwenye methali, nikapotelea humo. Akamaliza. Akabonyeza kuhifadhi karatasi zote, taa nyekundu ikawaka, sanduku likaanza kunguruma. Safari hii kulikuwa na mengi, na lilichukua muda. Nje mlango wa gari ukafungwa.

"Hodi hapa!"

Mpwa wake. Mkono ukaruka.

"Mama, huyo ni mgeni wangu!"

Mkono ukasimama hewani. Katika sheria zake zote hakukuwa na kubwa kama hii: mgeni wa mtu humnyang'anyi. Nami sikungoja afikirie. Nilitoka mbio, kiatu kimoja mguuni, nikamkuta mpwa na suti yake ameshika pazia, nikalitoa pazia mkononi mwake nikaushika ule mkono.

"Karibu sana! Habari za siku nyingi?"

"Nzuri. Mama yuko?"

"Yupo. Habari za utokako?"

"Nzuri tu, nime..."

"Za kazi?"

"Nzuri."

"Watoto hawajambo?"

"Sina watoto."

"Basi wasio na watoto hawajambo?"

Nikachungulia kwa upenyo wa pazia. Taa bado nyekundu.

"Mzee," akasema, "mimi sikuja kwako. Niko na haraka."

"Haraka nayo haijambo? Na Buruburu kwenyewe? Nasikia mmepaka rangi."

Akanitazama kama mtu anayejiuliza iwapo mtaa huu una hospitali. Nilimuuliza afya ya gari. Nilimuuliza afya ya bosi wake, ambaye simjui mpaka leo. Nilikuwa nimefika kwa bibi yake aliyekwisha kufariki, na hilo lingeniletea matata, pazia lilipoinuka lenyewe. Mpiga chapa alikuwa amesimama na leso yake imekaa sawa. Nyuma yake kioo kilikuwa kinawaka, wazi, hakijafunikwa, na taa nyekundu imezimika yenyewe.

"Karibu," akamwambia mpwa wake. Mara moja.

Printa ilinguruma mpaka alasiri. Jiografia ikatoka, Historia ikatoka, Kemia ikatoka nzima, na mpwa akanywa chai akizikunja, kisha akaondoka na gari lake jepesi kama lilivyokuja. Ndipo mpiga chapa akaniketisha.

"Tangu lini mpwa wangu akawa mgeni wako?"

Nikamweleza. Sikutumia methali.

"Kwa hiyo yule kijana wa tai..."

"Ulimzimia."

"Na wewe na sumaku yako?"

"Ulinizimia."

"Na wa reli?"

"Kila siku, Mama. Baada ya chakula cha mchana."

Akacheka mpaka akavua miwani. Kisha kicheko kikaisha ghafla, akaikamata ile miwani kwa mikono miwili. "Sasa unataka watu niwaambie wangoje?"

Hilo hakuliweza, si mwaka ule. Tukakubaliana wageni wote wawe wangu. Akibisha mtu hodi nilitoka dukani nikamshika mkono, nikamuuliza habari za dunia nzima, mpaka mpiga chapa atoke kwenye kazi kwa utaratibu. Mashine haikusahau tena. Mke wangu alisema sasa nina nyumba mbili na hakuna hata moja ninayoifagia. Jirani wa reli mpaka mwisho alidai kilichoiponya ni gunia lake.

Baadaye tulihamia Umoja, na mtu wa nyumbani akihama huhama kweli. Ilipita miaka kabla sijakanyaga tena Mbotela. Nilikwenda asubuhi, nimevaa shati la kutokea. Nikasikia vidole tangu kwenye bomba la maji, polepole kidogo kuliko zamani. Nikapiga hodi, nikasimama nikingoja mvua ikatike.

Haikukatika.

"Karibu, keti," sauti ikasema. "Chai iko kwenye chupa."

Nikaingia. Hakugeuka. Nikaketi, na nitasema kweli, iliniuma. Mimi ndiye niliyempigania mwanamke huyu awache kazi itimie, na sasa nilikuwa naitazama shingo yake na mvi zilizochungulia chini ya ushungi, kama mtu aliyekuja kulipia maji. Nikajimiminia chai. Ikaisha. Nikajimiminia nyingine. Mguu mtupu ulipiga sakafu pale mstari ulipokwisha. Alikuwa na wateja wengi, lilionekana rundo la karatasi; nyumba ilikuwa yake, mashine ilikuwa yake, na hakuna aliyemtia chumba cha waridi.

Mwishowe akabonyeza. Taa ikawaka. Akaweka mikono mapajani akaingoja, bila kuisukuma. Ilipotulia akatoka kwenye kazi, akazima, akashusha kitambaa, akavuta leso ikakaa sawa. Kisha akasimama katikati ya chumba, akageuka, na ule uso ukawa ni uleule, kama kwamba tangu alfajiri hakuwa na alichongoja ila mimi.

"Karibu, karibu, karibu! Baba Zuhura! Umefika saa ngapi?"

Nikasukuma kikombe kitupu nyuma ya mguu wa kiti.

"Sasa hivi, Mama. Ndiyo kwanza naingia."